Shajara ya mradi: kutambua viko 22 vya braya vya Uingereza kabla ya kuving'arisha

Januari. Kusoma kwanza, kugusa baadaye

Fungu lina viko 22 vya kuvutia tumbaku, vingi vya braya (mti mgumu wa kutengenezea viko), vyote vimetoka katika mnada wa vitu vya nyumbani kusini mwa Uingereza. Orodha ya mnada ilisema tu "viko mbalimbali vya braya". Kazi ya mradi huu ni kukipa kila kiko mstari wake kwenye daftari: nani alikitengeneza, lini, kwa sehemu zipi za asili, na nini kimebadilishwa baadaye. Usafi utafuata. Vimepewa namba K1 hadi K22 kwa karatasi ndogo iliyofungwa kwa uzi; stika za gundi haziruhusiwi, maana gundi ikivutwa hutoka na rangi.

Kanuni ya kwanza: spiriti, sabuni wala nta havigusi kiko kabla mihuri yake haijasomwa, haijapigwa picha na haijanakiliwa herufi kwa herufi. Mhuri wa kwenye shingo, yaani sehemu ya mti kati ya bakuli la tumbaku na mrija wa mdomoni, ni mfinyo mwembamba sana kwenye mti. Uchafu wa miaka mingi uliojaa ndani ya herufi ndio mara nyingi unaozifanya zisomeke, kwa kuwa ni mweusi kuliko mti unaozizunguka. Ukiutoa, kisha ukapitisha gurudumu la kung'arishia, herufi iliyokuwa hafifu inabaki kivuli, na kiko kilichokuwa na mwaka kamili kinakuwa "cha miaka ya katikati ya karne". Viko vingi vinavyouzwa vikiwa vinameta kama vipya vimepotezewa cheti chake namna hiyo.

Vifaa vya hatua hii ni vichache: kioo cha kukuzia mara 10, tochi ndogo, kalipa (kifaa cha kupimia kimo na kipenyo), mizani ya gramu na kipande cha chaki nyeupe. Tochi hulazwa karibu sambamba na shingo, pembe ya nyuzi 15 hivi, kisha kinachozungushwa ni kiko, si tochi. Herufi isiyoonekana kwa mwanga wa juu hujitokeza kwa kivuli chake yenyewe. Kwa viko laini, chaki hupakwa kidogo kwa kidole juu ya mhuri na ziada kufutwa. Vilivyopigwa mchanga, yaani vilivyochimbwa uso kwa mchanga unaopulizwa, havipakwi, kwani chaki huingia kwenye mabonde na haitoki.

Kunakili kunamaanisha kunakili kila kitu: nukta, alama ya ritifaa, mistari inavyogawanyika, kama maneno yamepinda au yamenyooka, na upande gani wa shingo. Tutaona chini kwamba tofauti kati ya BARLING'S kwa herufi kubwa na Barling kwa mwandiko wa mkono ni tofauti ya zama mbili za kampuni.

Vipimo vinavyoandikwa: urefu wote, kimo cha bakuli, kipenyo cha nje, kipenyo cha ndani, kina na uzito. Kimo kina kazi maalumu. Bakuli lililosuguliwa juu ili kuondoa mdomo ulioungua huwa fupi kuliko umbo linavyotakiwa kuwa, na hakuna nta inayoficha hilo mbele ya kalipa.

Januari, mwisho wa mwezi. Vinavyotolewa kwenye fungu

Kabla ya kubishana na majina makubwa, vimetengwa visivyokuwa vya Uingereza.

K3 ina alama ya tembo na neno KIKO. Kwa msomaji wa Kiswahili hiki ni kiko kilichoandikwa kiko, na kweli kimetoka huku kwetu: viko vya jina hilo vilitengenezwa Arusha kwa mershamu ya Amboseli, jiwe jepesi jeupe lililochimbwa mpakani mwa Tanzania na Kenya. Bakuli ni jiwe, si mti. Kimewekwa kando, na kwa maoni yetu ndicho kiko cha kupendeza kuliko vyote kwenye sanduku, lakini si cha mradi huu.

K6 imeandikwa BEN WADE. Ben Wade asili ni ya Leeds, karne ya 19, na wengi huona jina hilo wakaishia hapo. Chini yake kuna HAND MADE IN DENMARK. Jina lilitumika baadaye kwa viko vya umbo huru vilivyotoka kwenye karakana ya Preben Holm huko Denmark. Kimetoka.

K17 ina pete inayong'aa yenye mihuri mitatu, na muuzaji wa haraka angeiita fedha. Chini ya kioo mihuri hiyo ni tawi la majani matatu, mbwa aliyelala na mnara. Hizo ni alama za mapambo za Peterson wa Dublin kwenye nikeli, zimepangwa zifanane na mihuri ya fedha. Si fedha, tena si Uingereza. K19 nayo ina herufi E na P ndani ya almasi ndogo: maana yake ni chuma kilichopakwa fedha kwa umeme. K19 inabaki kwenye fungu, ila pete yake haina mwaka wa kutupa.

Februari. Pete za fedha

Hapa ndipo tarehe za uhakika zinapopatikana, kwa sababu alama za fedha hazikupigwa na mtengenezaji wa viko bali na ofisi ya upimaji. Mihuri inayotafutwa ni minne: herufi za mtengenezaji, simba anayetembea (fedha yenye usafi wa 925 kwa 1000), alama ya mji, na herufi ya mwaka. Nanga ni Birmingham. Kichwa cha chui ni London. Taji ni Sheffield hadi 1974. Upanga na miganda ya ngano ni Chester, ofisi iliyofungwa 1962. Viko vingi vya Kiingereza vyenye pete hubeba nanga.

K4 ni kiko kilichonyooka, shingoni kina BBB ndani ya almasi. Pete inasoma AF&Co, nanga, simba, na herufi ndogo p. AF&Co ni Adolph Frankau, kampuni iliyomiliki BBB, kwa hiyo pete na mti vinakubaliana. Herufi p ndogo ya Birmingham ipo kwenye zaidi ya mzunguko mmoja, ndiyo maana tunaandika pia umbo la herufi na umbo la ngao yake, hatuishii kuandika "p". Mzunguko ulioanza kwa a mwaka 1900 unatupa 1914. Tena si mwaka wa kalenda: Birmingham walibadilisha herufi katikati ya mwaka, kwa hiyo p inaanzia Julai 1914 hadi katikati ya 1915. Kwenye daftari imeandikwa "1914/15". Anayeandika 1914 tupu amejipa uhakika ambao mhuri haukumpa.

Kuanzia 1975 ofisi zote zililinganisha herufi zao na mwaka wa kalenda. Kabla ya hapo kila mji una jedwali lake, na London ina mizunguko ya herufi 20 tu, hivyo jedwali la Birmingham halimsaidii mwenye kichwa cha chui.

K9 ina pete ya Birmingham yenye K kubwa, yaani 1934/35 kwa umbo la herufi na ngao yake. Lakini pete imesimama juu ya shingo kama kidole kilichovalishwa pete kubwa. Ukipitisha ukucha unakwama pande zote mbili. Pete ya kiwandani kwa kawaida hukaa kwenye ngazi iliyokerezwa, ikawa sawa na mti. Iliyopanda juu ni ya ukarabati. Mrija ulipotolewa, ufa mwembamba ulionekana ukianzia kwenye tundu kuelekea chini ya pete. Basi 1934/35 ni tarehe ya pete, na pete ilikuja baada ya mti kupasuka, kwa hiyo kiko chenyewe huenda ni cha zamani kuliko hapo. Hatutoi pete hiyo. Inashikilia ufa.

Fedha haisuguliwi kwa dawa ya kung'arishia shaba. Dawa hiyo ina unga unaokwangua, na herufi ndogo ya mwaka hufutika upesi. Kitambaa laini cha fedha, mipapaso michache, na weusi uliobaki ndani ya mihuri uachwe humo.

Februari hadi Machi. K7 na K8: kumi na tano mbili

Viko viwili vya Dunhill vimechukua muda mwingi kuliko vingine vyote, na vinastahili.

Alfred Dunhill alifungua duka Duke Street, London, mwaka 1907 na karakana ya viko ikafuata 1910. Aina za viko vyake hutofautiana kwa uso na rangi: Bruyere, laini na yenye rangi ya zambarau iliyokolea, ni ya mwanzo, Shell, iliyopigwa mchanga, ilikuja 1917, Root 1931, Tanshell baada ya vita ya pili. Kiko kikiandikwa Tanshell hakiwezi kuwa cha miaka ya 1930, hata muuzaji aape.

Tarehe ya Dunhill iko mwisho wa MADE IN ENGLAND: tarakimu ndogo baada ya D. Kuanzia 1921 hesabu ni 1, 2, 3 na kuendelea hadi 20 kwa mwaka 1940. Kisha ikaanza upya: 1 ni 1941, tena 1 ni 1951, tena 1 ni 1961. Baada ya 1970 haikurudi kwenye moja; 1971 ni 11, 1980 ni 20. Kwa hiyo tarakimu 5 yaweza kuwa 1925, 1945, 1955 au 1965, na 15 yaweza kuwa 1935 au 1975.

K7 ina 15. K8 nayo ina 15.

K7 ni Shell. Chini ya shingo kuna ukanda laini uliosawazishwa kwa ajili ya mihuri, na baada ya MADE IN ENGLAND 15 unafuata mstari wa PAT. No 417574/34. Namba ya hataza (patent, haki ya mvumbuzi) inamaliza ubishi: sehemu ya baada ya mkwaju (/) ni mwaka 1934, na Dunhill waliacha kupiga namba za hataza katikati ya miaka ya 1950. Kumi na tano yenye hataza ya 1934 ni 1935. Mti unaunga mkono: mchanga umechimba kina, kingo zimekuwa kali, na pale mkono ulipozoea kushika, weusi umelika na wekundu wa chini unaonekana, kwani Shell ilipakwa nyekundu kwanza, nyeusi baadaye.

K8 ni Bruyere. Haina hataza yoyote. Upande wa umbo kuna 659 na F/T, yaani mrija wenye ncha iliyopanuka kama mkia wa samaki, na duara lenye namba 4 karibu na herufi A. Duara la namba ya ukubwa, 1 hadi 6, likiambatana na herufi ya aina (A kwa Bruyere, R kwa Root, S kwa Shell, T kwa Tanshell), ni mtindo wa baada ya vita. Basi hii ni 1975. Miaka 40 inawatenganisha, na tarakimu ni ileile.

Hataza ina mtego wake. Namba yenye mkwaju na 12, kama 5861/12, ni hataza ya 1912, lakini ilipigwa kwenye viko kwa miaka mingi baadaye. Vilevile PATENTED MARCH 9.15 inayoonekana kwenye viko vilivyopelekwa Marekani ni tarehe ya hataza ya huko. Hataza inasema kiko hakikutengenezwa kabla yake, basi. Jambo jingine linalosaidia: mwaka 1916 Uingereza iliacha kuanza namba za hataza upya kila mwaka, ikaanza mfululizo mmoja kutoka 100001. Namba ya hataza ya Uingereza yenye tarakimu sita kwenye kiko ni ya 1916 au baadaye.

K14 ina nukta nyeupe juu ya mrija, alama ya Dunhill, na kwa mbali ni Dunhill. Shingo haina mhuri hata mmoja. Mdomo wa mrija hauendani na shingo: ukizungusha kidole kwenye kiungo, kuna ngazi upande wa kushoto. Nukta yenyewe iko kando kidogo ya mstari wa katikati na rangi yake ni ya krimu. Mrija unaweza kuwa wa kweli au usiwe. Mti hausemi chochote. Imeandikwa "haijulikani, mrija si wa asili". Nukta nyeupe bila mhuri shingoni si ushahidi wa lolote.

Machi. Majina mengine, kwa kasi tofauti

K10 na K11 ni Barling, nyumba iliyoanza 1812 kama wafua fedha. K10: BARLING'S imepinda kama upinde juu ya MAKE, herufi kubwa, na EL kwa ukubwa. Hiyo ni enzi ya familia. Ukubwa wa Barling husomwa hivi: S-M, L, EL, EXEL, na EXEXEL kwa makubwa kabisa, EL huvutia wanunuzi kuliko S-M hata kama hali ni sawa. K11: Barling kwa mwandiko wa mkono na namba ya umbo ya tarakimu nne. Hii ni ya baada ya 1962, kampuni ikiwa imeshauzwa. Si kiko kibaya, ila bei zake na za K10 hazikai meza moja.

K12 ni Comoy's. Henri Comoy alitoka Saint-Claude, Ufaransa, akafungua London 1879. Mrija una C upande wa kushoto, na C hiyo ndiyo kipimo. Kwenye mirija ya zamani haikuchorwa: kilitobolewa kitundu, kikatiwa duara jeupe, katikati ya jeupe kikatobolewa kingine na kujazwa cheusi, kisha tundu dogo la pembeni likafungua mdomo wa C. Vipande vitatu. Chini ya kioo mipaka ya kila kipande inaonekana, na C ya K12 haijatulia katikati sawasawa, jambo la kawaida kwa kazi ya mkono. Mirija ya kuanzia miaka ya 1980 ina C iliyochapwa, nyembamba na kamilifu mno. Shingoni K12 ina duara dogo la MADE IN LONDON na chini yake ENGLAND imenyooka: mtindo wa baada ya vita.

Duara hilohilo limefungua K13, ambayo ina jina la duka la tumbaku pekee. Duara ni la Comoy, namba ya umbo ipo kwenye orodha ya maumbo ya Comoy, na vipimo vinalingana. Viwanda vikubwa vilitengeneza viko kwa majina ya maduka na kwa majina ya daraja la pili. Guildhall, yenye vijiti vitatu vya chuma kwenye mrija, ni ya nyumba hiyohiyo. Daftari linasema: "kimetengenezwa na Comoy's kwa duka". Mwanzo mzuri wa ukusanyaji kwa mwenye fedha kidogo ni hapa, maana unanunua mti uleule bila kulipia jina.

K15 ni Sasieni. Joel Sasieni aliondoka Dunhill 1919. Nukta nne za samawati hafifu kwenye mrija, na jina la mji, ASHFORD, shingoni. Herufi ya mwisho ya Sasieni ina mkia uliopambwa kama wa samaki, alama ya kabla ya vita ya pili. Nukta moja ipo haipo. Imejazwa uchafu, itaangaliwa baadaye kwa sindano ya mti.

GBD mbili, K16 na K18, zote zina kisahani cha shaba cha mviringo kwenye mrija. Kampuni ilianza Paris 1850, kwa hiyo lazima isomwe LONDON au PARIS shingoni kabla ya kusema Kiingereza. Zote ni London. K20 ni Charatan yenye L ndani ya duara, alama ya viko vilivyoingizwa Marekani na Herman Lane, kuanzia miaka ya 1950.

Vilivyobaki havina jina linalojulikana. Vitatu vina viraka vya lipu ya waridi kwenye mti, kawaida ya daraja la chini, na hakuna haja ya kuvipa muda mrefu.

Aprili. Kutoa mirija na kusafisha ndani

Sasa ndiyo kazi ya mikono. Mirija miwili iligoma. Kiko kizima huwekwa kwenye mfuko, kikaingizwa friza nusu saa. Baridi hukaza lami iliyoganda kwenye tundu hadi ikatike. Kisha mrija huzungushwa taratibu upande mmoja tu, mwendo wa saa, mkono ukishika shingo wala si bakuli. Kuutikisa juu na chini ndiko kunakovunja ulimi (ncha ya mrija inayoingia shingoni) au kupasua shingo. Kwa viko vya zamani sana, angalia kwanza: ulimi waweza kuwa wa mfupa wenye hesi, na huo hufunguliwa kinyume cha saa.

Ukoko wa ndani ya bakuli hauondolewi wote. Unaobaki ni milimita 1 hivi, unaokinga mti dhidi ya moto. Ukiwa mnene, milimita 3 au 4, hutanuka kwa joto tofauti na mti, na bakuli hupasuka kutoka ndani. Kikwangulio huanza na blade nyembamba kabisa, kikizungushwa bila kusukumwa; ukianza na blade nene, tundu linakuwa la yai. Kisha msasa namba 220 uliozungushiwa kijiti hulainisha. K20 ilionyesha mistari ya ndani inayotia hofu. Sindano ikipenya kirahisi na kutoa unga mweusi, mti umeungua. Ikigonga kigumu, ni mipasuko ya juujuu ya ukoko. Ya K20 iligonga kigumu, na nje hakuna doa jeusi.

Njia ya moshi husafishwa kwa spiriti ya asilimia 95 na nyaya za pamba hadi ya mwisho itoke na rangi ya chai nyepesi. Harufu iliyogoma hutolewa kwa pamba: bakuli hujazwa pamba, spiriti hudondoshwa hadi pamba ilowe chini ya mdomo kwa milimita chache, kiko husimamishwa usiku kucha. Wengine hutumia chumvi badala ya pamba. Hatuitumii, chumvi iliyolowa ikishuka kwenye shingo hukwama humo, na shingo nyembamba huweza kupasuka. Spiriti isipande mdomo wa bakuli, kwani huyeyusha rangi na mng'ao wa kiwandani papo hapo.

Mrija wa K16 haukuwa ukikaa hadi mwisho. Pengo la nusu milimita. Watu wengi huona pengo hilo na kupiga msasa uso wa mrija au ulimi. Chanzo kiko ndani: mwisho wa tundu kuna duara la lami ngumu kama lami ya barabara. Imekwanguliwa kwa bisibisi ndogo bapa, ikalainishwa kwa spiriti, ikakwanguliwa tena. Mrija umekaa wenyewe, bila msasa kugusa kitu.

Mei. Mirija ya mpira mgumu

Mirija mingi ya fungu hili ni eboniti, mpira uliopikwa na salfa. Mwanga wa jua na unyevu huitoa salfa juu, na weusi hugeuka kijani cha matope au kahawia, ladha ikiwa chungu na harufu ya yai bovu. Maji ya moto huzidisha. Jiki hung'oa rangi lakini huacha uso umejaa vitundu vidogo, na huharibu nukta na nembo, haitumiki hapa.

Utaratibu: nembo hufunikwa kwa mafuta ya mgando na kipande cha tepu. Msasa wa maji namba 600 hutoa kijani, kisha 1000, kisha 2000, kila mara ukiosha mabaki ya namba iliyopita, vinginevyo mkwaruzo wa 600 utaonekana chini ya mng'ao wa mwisho. Karibu na kiungo mrija hurudishwa kwenye shingo, katikati kukiwa na kisahani chembamba cha plastiki chenye tundu. Kisahani hicho huulinda mti na kuzuia ukingo wa mrija usiwe mviringo. Ukingo uliolainika huacha mfereji kwenye kiungo, na mnunuzi mzoefu huuhisi kwa ukucha kabla hajauliza bei.

Alama za meno: eboniti hukumbuka umbo lake. Joto la hewa kavu kwa umbali, mrija ukizungushwa muda wote, hupandisha mibonyeo ya kina kidogo. Mrija uliopinda kiwandani hauendi mbali na uangalizi, kwani joto hilohilo huunyoosha. Tundu lililotobolewa na meno kwenye K19 limezibwa kwa supaglu iliyochanganywa na unga laini wa mkaa, tabaka nyembamba kwa zamu. Ndani ya njia ya hewa kulitangulizwa kipande cha kadi kilichopakwa mafuta ya mgando ili gundi isizibe njia.

K4 ya 1914/15 ina mrija wa pembe. Huo haupigwi spiriti wala haulowekwi. Pembe hunyonya maji na kuchanuka kwa tabaka.

Juni. Mti wa nje, na hali ya orodha

Kitambaa chenye maji kidogo na tone la sabuni ya maji kimetosha kwa viko vingi, kikizunguka mihuri bila kuipita. Mibonyeo ya bakuli la K10 imepandishwa kwa mvuke: kitambaa cha pamba kilicholowa, ncha ya pasi ya moto, sekunde chache, rudia. Mvuke haukaribii mihuri hata kidogo, kwa sababu herufi nazo ni mibonyeo, na mvuke hauchagui. Nta ya karnauba imepakwa kwa gurudumu laini kwenye viko laini pekee. Vilivyopigwa mchanga vimepigwa brashi ya nywele na nta laini, maana karnauba huganda nyeupe mabondeni.

Mdomo wa K12 umeungua upande mmoja. Kuusugua kungeusawazisha, lakini kimo chake sasa ni sawa na umbo linavyotaka. Umeachwa ulivyo, na kuungua kumeandikwa.

Orodha ilivyo leo: viko vitano vina mwaka au miaka miwili mfululizo kwa ushahidi usiopingwa, vinane vina kipindi, sita havina jina la kuaminika, vitatu vimetolewa kwenye fungu. K9 inasubiri picha ya ndani ya shingo ili urefu wa ufa ujulikane. K15 bado ina nukta moja isiyothibitishwa. K14 itauzwa kama kiko kisicho na jina, mrija ukiwa umetolewa na kuwekwa kwenye mfuko wake, na maelezo yake yataandikwa bila neno Dunhill.